Mafuta Yaliyoganda Ndani ya Bunduki

Kabla jicho langu halijaumia nilikuwa msichana wa karafuu. Nasema hivyo kwa sababu watu wa mtaani kwetu, Kikwajuni, walinijua kwa harufu kabla hawajaniona sura. Nilifanya kazi katika bohari moja pale Malindi ya Mji Mkongwe, karibu na bandari. Kazi yenyewe ni kuchambua. Unakaa juu ya gunia, mbele yako kuna rundo, na vidole vinatenga karafuu nzima upande huu, makonyo, vile vijiti vyake, na takataka upande ule. Ni kazi ya macho zaidi kuliko mikono. Jioni mama alikuwa akinifungulia mlango na kusema, "Karibu, bohari," nami nikicheka.

Naitwa Mwanaidi. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini, na sikuwa nimelala hospitali hata siku moja. Haya nawaandikia wanaoanza kujifunza shabaha, na pia mgonjwa yeyote aliyelazwa macho yamefungwa, anayejiuliza kama asubuhi itarudi. Nitaeleza polepole, maana kilichoniumiza mimi ni haraka.

Miaka ile ya mwanzo baada ya mapinduzi vijana wengi tulijiunga na mazoezi. Sisi wa bohari tulikuwa kikundi cha watu kumi na wawili, wanawake wanne na wanaume wanane. Kila Jumapili alfajiri lori lilitupeleka kwenye machimbo ya zamani ya mawe, upande wa njia ya Fumba. Yale machimbo yalikuwa shimo kubwa lenye ukuta mrefu wa mawe ya matumbawe, meupe, na jua lilichelewa kufika chini. Ukisimama mle ndani asubuhi ulihisi kama uko chini ya bahari iliyokauka. Sauti zilirudi taratibu kutoka ukutani, kama mtu anayekujibu hali bado ana usingizi.

Mwalimu wetu alikuwa Bwana Sudi, polisi mstaafu, mrefu, asiyependa kupiga kelele. Tulikuwa na bunduki sita za kizamani, zile zenye komeo la chuma unalolivuta nyuma na kulisukuma mbele kila unapotia risasi. Ndani ya komeo mna pini nyembamba yenye springi. Ukivuta kifyatuo, pini inaruka mbele na kugonga fataki, kile kidonge kidogo kilicho kitakoni mwa risasi. Fataki inawaka, inawasha baruti, na risasi inatoka. Haya yote hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nayaeleza mapema kwa sababu bila kuyajua hutaelewa nilivyokosea.

Mwezi wa pili, joto la kaskazi limepamba moto, Bwana Sudi alituambia mazoezi yatasimama wakati wa masika. Bunduki zingekaa ghalani mpaka mvua ziishe. Akanitazama mimi.

"Mwanaidi, wewe una mkono wa usafi. Zifute zote, uzipake mafuta zisishike kutu."

"Naam, mwalimu."

Mafuta ya bunduki yalikuwa yamekwisha, na madukani siku zile ulikuwa ukikosa vitu vingi. Sikutaka kumrudia mtu mzima na kisingizio. Nyumbani tulikuwa na chupa ya mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe. Yalikuwa safi, yanang'aa kama maji ya kisima. Kwetu mafuta ya nazi hupakwa kila kitu: nywele, bawaba za mlango, panga, mtoto mchanga. Nikaichukua chupa ile. Kila komeo nililifungua na kulimiminia mpaka mafuta yakachuruzika kwenye vidole vyangu. Nilijisikia fahari. Bunduki zote sita ziling'aa na kunukia kama bibi harusi.

Masika yakapita. Kipupwe kikaingia, na Jumapili ya kwanza tukarudi machimboni. Ilikuwa baridi ile ya kwetu, ya kujifunga kanga mbili. Umande ulikuwa juu ya mawe, na ukungu mwembamba umelala chini ya shimo. Nililala kifudifudi juu ya mkeka, kulia kwangu akiwa Mathayo, kijana mpakizi wa magunia mwenye wazee wa bara, mtu wa mzaha tangu asubuhi mpaka usiku.

Nikalenga. Nikavuta kifyatuo. Nikasikia *ta*, sauti ndogo kama ukucha ukigonga kikombe. Basi.

Bwana Sudi alikuwa ametufundisha: bunduki isipolia, mtutu ubaki mbele, usiguse kitu, inua mkono, subiri kidogo. Nilijua. Ningeulizwa ningejibu bila kukosea neno. Lakini Mathayo alishaanza.

"Jamani, bunduki ya Mwanaidi imelala! Mfunikeni shuka!"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, na uso ukaniwaka moto kwa haya. Nilisubiri kidogo. Kidogo yangu ilikuwa pumzi moja. Kisha nikainua kichwa na kulivuta komeo nitazame kulikoni.

Sikusikia mlio. Watu huniuliza hilo kila mara. Niliona weupe, kama ukuta wote wa mawe umenijia usoni, halafu kimya kizuri cha ajabu, na ndani yake nikawa nimekaa bohari, karafuu zinaniangukia kichwani kutoka juu, moja moja, za moto.

Risasi ilikuwa imechelewa. Pini iligonga kwa unyonge, fataki ikawaka kidogo kidogo badala ya kulipuka, na baruti ikashika wakati ganda limeshatoka nusu nje. Ganda la shaba likapasuka. Gesi ya moto na vipande vya shaba vikaja kwangu. Kidole gumba cha kulia kilipasuka mpaka nikaona kitu cheupe. Shavu lilichomwa na kutoboka mahali patatu. Kipande kimoja kilinigonga juu ya jicho la kulia, na jicho likajaa wekundu ambao haukuwa nje, ulikuwa ndani. Bwana Sudi alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia, "Usilisugue, mwanangu. Usilisugue hata likiwasha." Mathayo alikuwa akilia kwa sauti. Hakukuwa na mzaha tena katika lori lile.

Hospitali kubwa ya mjini nilipokelewa na daktari mgeni, aliyejifunza Kiswahili kwa kuokota neno hapa na pale. Alinishona kidole. Akanitoa vipande shavuni kwa koleo ndogo, akivihesabu kimoja kimoja kwa lugha yake. Kisha akalimulika jicho kwa muda mrefu.

"Damu ndani," alisema. "Mbele ya mboni. Wewe lala. Kichwa kama jiwe. Siku saba. Ukicheza, damu tena. Damu tena, jicho kwisha."

Nesi akanifafanulia. Damu iliyojaa ndani ya jicho ingeweza kunyonywa na mwili wenyewe, nikitulia. Ikivuja mara ya pili, nisingeona tena kwa jicho hilo. Na kwa kuwa macho mawili hutembea pamoja, yote mawili yatafungwa. Wakanifunga bandeji. Wakaniwekea vifuko vya mchanga kila upande wa kichwa.

Nikaingia gizani mwangu.

Lakini halikuwa giza hasa. Mtu aliyefungwa macho huona mambo mengi. Niliona rangi za udongo zikitembea, na maua ya zambarau yakifunguka na kufunga. Upepo wa kusi ulipopita dirishani niliujua kwa ngozi. Muuza kahawa alipopita chini akigonganisha vikombe, kila mlio ulikuwa tone la fedha mbele yangu. Kunguru waligombana juu ya bati. Watoto wa chuoni walisoma Kurani kwa pamoja, sauti zao zikipanda na kushuka, nami nilipanda nazo na kushuka nazo bila kutikisa hata unywele. Siku nyingine harufu ya karafuu ilifika kutoka bandarini, na hapo ndipo nilipotaka kulia, nikajizuia, kwa kuwa kulia nako ni kutikisika.

Kidole kilipwita usiku na mchana. Shavu lilitoa majimaji yaliyonata kwenye mto. Nilikojoa kwenye bakuli nimelala chali, nikilishwa uji kwa kijiko kama mtoto. Haya si mambo ya kuonea haya. Mwili unaopona una uchafu wake.

Mama alikuja kila saa ya wagonjwa kutazamwa. Nesi alipokuwa akinitia dawa ya matone alimwachia kazi moja: abonyeze pamba kwenye pembe ya jicho kwa dakika nzima. Mama hakuwa na saa. Akaniambia, "Mimi nitasoma Kulhuwallahu mara kumi. Si pungufu." Akawa akisoma polepole, kidole chake kikiwa chepesi kama nzi, na kila mara nilipodhani amemaliza alikuwa bado. Hapo nikajua dakika moja ni ndefu kiasi gani. Sikuwahi kujua kabla.

Siku ya sita ilikuwa Jumamosi. Mama alikuja alasiri, akakaa kitandani kwa uangalifu.

"Mathayo anakusalimu," alisema. "Kaona haya kuja. Kesho wanakwenda tena machimboni. Ile bunduki yako imetupwa, wameandika mbovu. Zimebaki tano."

"Mungu awalinde," nikasema.

"Amin. Hebu nikupake nywele, zimekuwa kama kamba za nazi. Usitikisike."

Nikasikia kifuniko cha chupa kikizunguka. Kisha akaguna. Kisha nikasikia chupa ikisuguliwa baina ya viganja vyake, taratibu, *shwa, shwa, shwa*.

"Unafanya nini, mama?"

"Mafuta yameganda, mwanangu. Si unajua kipupwe? Nnayapasha kwa mikono. Leo sikuyaanika."

Nilikuwa nikielea bado, katika yale maua ya zambarau, na maneno hayo yalinifikia kama yanatoka ng'ambo ya maji. Mafuta yameganda. Tangu nizaliwe nimeiona chupa hiyo ikigeuka nyeupe kila kipupwe. Tunaianika kizingitini, inarudi kuwa maji. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua. Na mimi niliyemimina mafuta hayo ndani ya makomeo sita wakati wa joto, sikufikiri hata mara moja kwamba kipupwe kitayakuta mle ndani. Nikaiona ile pini, nyembamba, imezama katika mafuta meupe kama mtu anayetembea kwenye tope, ikienda polepole, ikigonga kwa unyonge. *Ta.*

"Mama," nikasema. "Acha nywele."

"Nimekuumiza?"

"Ni mimi. Nilizitia zote mafuta haya. Zote sita."

Ikabidi nimweleze mara mbili. Alipoelewa, viganja vyake viliacha kusugua.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna. Ndiyo kwanza nimejua."

Akasogea, pumzi yake ikawa sikioni mwangu. "Nyamaza, Mwanaidi. Wameshaandika bunduki mbovu. Wewe uko hapa na jicho moja mkononi mwa Mungu. Siku hizi neno moja linageuka jengine. Watasema umeharibu mali ya serikali. Watasema ulikusudia. Nitakwenda wapi mimi?"

Hofu yake haikuwa ya kijinga. Nilikuwa na jambo moja tu la kuamua, na kichwa changu hakikuruhusiwa hata kugeuka. Nikamwona Mathayo amelala juu ya mkeka alfajiri, umande mgongoni, akivuta kifyatuo. Nikaisikia *ta*. Nikasikia wenzake wakicheka, maana sasa ni zamu yake kuchekwa. Na Mathayo, kwa nilivyomjua, kidogo yake ni fupi kuliko yangu.

"Mama, Mathayo ana macho mawili," nikasema.

Kisha nikasikia kanga yake ikifungwa, ule mlio mkavu wa kitambaa kikivutwa.

"Bwana Sudi anakaa wapi?"

"Mikunguni, nyuma ya msikiti. Mwambie asingoje kesho."

Akaondoka na chupa mkononi.

Jumapili asubuhi ile ndiyo ndefu kuliko zote maishani mwangu. Machimbo yako mbali, mlio haufiki mjini, lakini niliusikiliza hata hivyo. Sikujua kama mama alimkuta. Sikujua kama alisema, au kama alizunguka msikiti akarudi nyumbani kwa kunionea huruma. Nilisinzia, nikaota mikeka ya karafuu imeanikwa machimboni, ukuta mweupe, kimya. Nikawa natembea pekupeku juu yake, na kila karafuu ilikuwa risasi ndogo iliyochelewa, inangoja nisogee. Nikasimama katikati ya ndoto. Nikaanza kusoma kama alivyokuwa akisoma mama. Nilisoma nikihesabu, nikaanza upya, mpaka nikasikia viatu vizito vikija kati ya vitanda.

"Usiinuke," sauti ya Bwana Sudi ilisema. "Nimeletewa salamu na mama yako jana. Nipe mkono, ule mzima."

Akaniwekea kitambaa kidogo kiganjani. Kilikuwa na kitu kizito, baridi, kinachoteleza.

"Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa jikoni kwetu, ilikuwa nywele za mama yangu, pamoja na harufu ya chuma.

"Nimezifungua zote tano alfajiri hii," alisema. "Zote ni hivyo. Moja pini haikusogea kabisa. Leo hakuna aliyepiga. Mathayo kanuna, anasema kapanda lori kwa kutazama mawe."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"We, we, tulia!" akasema haraka. "Daktari atanipiga mimi."

"Nisamehe, mwalimu."

"Nilisema paka mafuta. Sikusema mafuta gani. Nilisema subiri kidogo. Sikusema kidogo ni kiasi gani. Ripoti nimeiandika upya, na jina lililomo ni langu. Wewe lala kama jiwe."

Siku ya nane walinifungua. Jicho la kushoto lilipokea mwanga kama aliyeamshwa ghafla. La kulia liliona kwanza moshi, kisha kahawia, kisha wekundu, na ule wekundu ukawa na pindo, na pindo likawa na maua madogo. Ilikuwa kanga ya mama. Daktari aliinua vidole.

"Ngapi?"

"Vitatu."

"Sasa?"

"Kimoja. Na kucha yako ina wino."

Akacheka sana, akaitazama kucha yake.

Jicho halikurudi kama lilivyokuwa. Mboni ya kulia ilibaki wazi, haijui tena kujifinya. Adhuhuri nalikinga na mwanga kwa kanga. Kandili kwangu ina duara la rangi pembeni mwake, kila kandili, na njia za Mji Mkongwe baada ya magharibi zimejaa miezi midogo ambayo nyinyi wengine hamuioni. Bohari walinipokea. Mwanzo nilichanganya makonyo na karafuu, na wenzangu waliyarudia mafungu yangu kimya kimya bila kunifedhehesha. Baada ya miezi mitatu vidole vilijifunza upya. Gumba langu halikunjiki mpaka mwisho, lakini linashika.

Sasa nataka nikwambie wewe unayelala juu ya mkeka kwa mara ya kwanza. Bunduki isipolia, haijakataa. Pengine bado inafikiri. Mtutu ubaki ukutani, kidole kitoke kwenye kifyatuo, uso usiusogeze karibu, mkono mwingine juu, na ungoje dakika nzima kabla komeo halijaguswa, tena mbele ya mwalimu. Ikilia kwa sauti ndogo, kama imekohoa, hapo usitie nyingine kabisa. Huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ya pili itaipasua bunduki mikononi mwako. Risasi zako zikae pakavu. Mafuta tumia yale yaliyotengenezwa kwa bunduki, na membamba. Ukikosa, rudi kwa mwalimu ukamwambie umekosa. Hilo halikupunguzii heshima. Na mwenzako akiinua mkono akangoja, usimcheke. Nakuomba sana. Kicheko ndicho kilichovuta komeo langu.

Nawe mgonjwa, ukiambiwa tulia, tulia. Kutulia ni kazi. Mwili unafanya mengi gizani usiyoyaona.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, na daktari yule aliyerudi kwao, na nesi, na Bwana Sudi. Mama namshukuru kwa safari ile ya Mikunguni, aliyokwenda kwa miguu huku anaogopa.

Nilirudi machimboni kipupwe kilichofuata. Watu walidhani sitathubutu. Nililala juu ya mkeka ule ule, nikalenga kwa jicho la kushoto. Mathayo alikuwa kulia kwangu. Risasi zangu tatu zilitoka salama. Kisha nikasikia upande wake: *ta*.

Hakuna aliyecheka. Mathayo aliinua mkono, mtutu umetulia mbele, na midomo yake ikaanza kutembea. Alikuwa akisoma Baba Yetu, polepole, kama tulivyokubaliana kila mtu asome ya kwake. Mimi nikamfuata kwa Kulhuwallahu. Ukungu ulikuwa ukiinuka ukutani. Alimaliza mbili, mimi nikamaliza kumi, na Bwana Sudi akaja, akapiga goti nyuma yake, akalifungua komeo.

Risasi ikatoka nzima, ikaanguka juu ya mkeka, ikabingirika kidogo, ikatulia.